Jina kapuni: watu waliokaa nyuma ya kichaka ili wewe upige picha na gorila

Hapa tumezoeana. Staa akifumaniwa, jina kapuni. Mtoto wa kigogo akifunga baa usiku kucha, jina kapuni. Leo nawaletea watu ambao majina yao yamekaa kapuni zaidi ya miaka 100, na hawana skendo hata moja. Walichofanya ni kujua njia.

Tuanzie kwenye mambo mnayoyajua. Rwanda kuna sherehe inaitwa Kwita Izina, yaani kupa jina, iliyoanza 2005. Watoto wa gorila waliozaliwa karibuni wanapewa majina, na wanaoalikwa kuwapa ni watu wazito. 2019 walikuwemo Naomi Campbell na kocha Louis van Gaal. 2023 ikawa zamu ya Idris Elba na Kevin Hart, mitandao ikachafuka. Mtoto wa gorila hajamaliza hata mwaka duniani, tayari ana jina kutoka kwa mtu wa Hollywood, na jina hilo litaandikwa kwenye rekodi zake mpaka siku anakufa.

Sasa swali langu ni moja. Nani alimuona huyo mtoto mara ya kwanza? Nani asubuhi moja alihesabu kundi, mvua inanyesha, buti limezama kwenye tope, akakuta wameongezeka mmoja? Huyo ndo stori yetu.

Kabla sijasahau: ni gorila, sio sokwe. Sokwe ni wale wetu wa Gombe na Mahale kule Kigoma. Gorila wa milimani anaishi sehemu mbili tu duniani: milima ya volkano ya Virunga, ambayo Rwanda, Uganda na Kongo wanagawana, na msitu wa mvua wa Bwindi, kusini magharibi mwa Uganda. Ukitaka kumuona, lazima umfuate kwake.

Na kumfuata kwake kuna bei. Unalala loji iliyokaa mlimani pembezoni mwa msitu. Zipo za kawaida kabisa, na zipo ambazo usiku mmoja kwa mtu mmoja unazidi dola 1,000, moto unawaka chumbani na ukirudi na matope kuna mtu wa kukuoshea buti. Kibali cha kuwaona gorila unalipia kando. Rwanda walikipandisha kutoka dola 750 mpaka 1,500 mwezi Mei 2017, mkupuo mmoja. Uganda, kwa bei zilizoanza Julai 2024, mgeni wa kutoka mbali analipa dola 800, na sisi wa Afrika Mashariki shilingi 300,000 za kwao. Msije mkasema sikuwaambia.

Kwa hela hiyo unapewa saa moja. Sio siku, saa. Watu wasiozidi 8 kwa kundi moja la gorila, na dakika 60 zikiisha mnaondoka hata kama dume ndo kwanza anaanza kujipiga kifua.

Kinachofanya hela yako isipotee ni kazi iliyofanyika wewe ukiwa bado umejifunika blanketi. Kuna watu wanaitwa wafuata nyayo. Asubuhi na mapema wanaingia msituni mpaka pale walipowaacha gorila jana yake. Gorila halali sehemu ile ile kila siku. Kila jioni mkubwa anajitengenezea kiota kipya cha majani. Kwa hiyo kazi inaanza kwa kuhesabu viota: viko vingapi, vinyesi vikubwa viko kwenye kipi, kuna aliyeharisha? Halafu wanaanza kusoma njia. Jani limelalia upande gani. Shina lililomenywa bado lina maji au limeshakauka. Wakiwapata wanamtafuta yule mwongozaji wenu kwa redio, naye anawapandisha nyie kwa mbwembwe kana kwamba mnatafuta. Hamtafuti. Mnapelekwa.

Na hao wafuata nyayo wanamjua kila gorila kwa sura. Wanaangalia mikunjo ya juu ya pua, kila mmoja ana yake, kama sisi na alama za vidole. Wao ndo wanaojua nani mgonjwa, nani kapigana jana, nani ana mimba. Ukishuka mlimani unamkumbuka dume, unakumbuka baridi, unakumbuka supu ya loji. Yeye alisimama pembeni ya picha.

Ndiyo nikajiuliza, hii tabia ya kusimama pembeni ya picha ilianza lini?

Oktoba 1902, nahodha wa jeshi la Mjerumani, Robert von Beringe, alikuwa anapanda mlima Sabyinyo. Kipindi hicho Rwanda, Burundi na Tanganyika yetu tulikuwa chini ya bosi mmoja. Alikuwa na askari na wapagazi wake. Akaona viumbe vyeusi vikubwa vinakwea juu, akafyatua risasi, wawili wakaporomoka, akafanikiwa kumtoa mmoja. Mabaki yakaenda Berlin na wataalamu wakampa mnyama jina la aliyemuua: beringei. Wanyarwanda walikuwa wanamuita ingagi tangu enzi na enzi. Kwenye vitabu vya sayansi akaandikwa kwamba "amegunduliwa".

Baadaye akaja Mmarekani, Carl Akeley, mwaka 1921, kutafuta gorila kwa ajili ya makumbusho ya American Museum of Natural History kule New York. Alipata watano. Mpaka leo wapo pale nyuma ya kioo. Ila huyu jamaa kuwaona kwa karibu kulimgusa, akageuka mtetezi, akamshawishi Mfalme Albert wa Ubelgiji, na 1925 ikatangazwa hifadhi ya taifa ya kwanza Afrika nzima. Ndiyo Virunga ya leo. 1926 akarudi, akaugua akiwa mlimani, akafa, akazikwa pale pale Kabara, kwenye uwanda ulio katikati ya mlima Mikeno na Karisimbi.

Akeley hakuwapata gorila kwa kunusa. Alikuwa na watu wa kumtangulia, na mmoja wao alikuwa bado mtoto. Mshikilieni huyo mtoto, tutamrudia.

Biashara yenyewe ya kulala mahali, kuamka na kupelekwa kwa gorila ilianzia kwenye hoteli ndogo pale Kisoro, mji wa Uganda uliokaa chini ya mlima Muhavura. Inaitwa Travellers Rest, na bado ipo. 1955 Mjerumani mmoja, Walter Baumgartel, aliingia pale kuendesha hoteli akiwa hajui lolote kuhusu hoteli. Wageni walikuwa wa kuhesabu. Akaona kumbe mtaji uko mlimani. Akajaribu kuwawekea gorila chambo ili washuke karibu, gorila wakamdharau. Akaandika barua kuomba msaada wa wasomi, na Louis Leakey, yule yule wa Olduvai, akamtumia wanawake wawili kwa zamu kati ya 1956 na 1957: Rosalie Osborn na Jill Donisthorpe.

Mgeni wa enzi hizo alikuwa anakunywa chai pale hotelini halafu anapanda na waongozaji wa Kisoro. Mmoja wao, Reuben, jina lake lilitoka kapuni kwa sababu waliopita pale walimwandika. Ilikuwa bahati nasibu. Gorila walikuwa hawajazoea watu, wakikusikia wanaondoka, au dume anakuja mbio ukutane na mkojo wako mwenyewe. Wapo waliopanda siku nzima wakaambulia harufu na viota.

1959 akaja mwanasayansi George Schaller, akakaa Kabara, akafanya kitu rahisi ambacho wenzake hawakuthubutu: akakaa mahali anapoonekana, akatulia, akawaacha wamuangalie. Taratibu wakamzoea.

Halafu Januari 1967 akaja huyu ambaye wote mnamjua hata kama hamjui kwamba mnamjua. Dian Fossey. Mmarekani aliyekuwa anafanya kazi hospitali ya watoto kule Kentucky. Mpiga picha wa wanyama Alan Root ndiye aliyempandisha Kabara kuweka kambi. Kuna kituko cha siku za mwanzo alichokisimulia mwenyewe. Aliona njia ya gorila kwenye majani, akafurahi, akaanza kuifuata kwa kutambaa. Alan Root akamuacha aende, mwisho akamwambia kwa upole kwamba kama anataka kukutana na gorila, afuate kule wanakoelekea, sio kule walikotoka. Dada alikuwa anafuata njia kinyumenyume.

Aliyemtoa huko alikuwa Mkongomani, askari wa hifadhi, vitabu vinamwandika Sanwekwe. Alimfundisha kusoma msitu hatua kwa hatua. Na Sanwekwe ndiye yule mtoto wa Akeley. Alivyokuwa mdogo alifuata nyayo kwa ajili ya Akeley, akiwa mtu mzima akafanya kazi na Schaller, akafanya na Alan Root na mke wake Joan, sasa yupo na Fossey. Piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya miaka 40 mlima ule ule. Wazungu wanapokezana, yeye yupo. Kila mmoja wao ana kitabu, au filamu, au makumbusho. Sanwekwe ana mistari michache ndani ya vitabu vya watu.

Julai 1967 Kongo ikawaka moto, wanajeshi wakamshusha Fossey mlimani kwa nguvu, akazuiliwa Rumangabo, akatoroka mpaka Uganda. Unajua alifikia wapi? Kisoro, kwenye hoteli ya Baumgartel. Tarehe 24 Septemba mwaka huo huo akafungua kambi mpya upande wa Rwanda, katikati ya Karisimbi na Bisoke, akaunganisha majina akapata Karisoke. Akaanza upya na wafuata nyayo wengine.

Hapa kuna jambo letu. Lugha ya kambi ile ilikuwa Kiswahili. Fossey alijifunza, na ndiyo aliyoitumia kuongea na wafanyakazi wake. Ndiyo maana kwenye orodha ya gorila waliokuja kujulikana dunia nzima utakuta jike anaitwa Macho, na mtoto wake anaitwa Kweli. Yaani gorila walipewa majina ya Kiswahili yakaingia kwenye vitabu vya New York, wakati wanaume waliokuwa wanaongea hicho Kiswahili pale kambini wengi wao dunia haiwezi kuwataja hata kwa kubahatisha.

Na hii haikutokea hivi hivi tu. Hapo ndo nilipochoka.

Fossey alikuwa na sera, ameiandika mwenyewe. Gorila wa Karisoke hawakutakiwa kuzoeshwa Waafrika. Hoja yake ilikuwa kwamba Mwafrika ambaye gorila anamjua ni jangili, na siku gorila akisita sekunde moja kuamua kama huyu mweusi ni rafiki au adui, mkuki umeshaingia. Kwa hiyo mfuata nyayo alikuwa anatangulia, anatafuta, anasoma vinyesi, anamfikisha mzungu mita chache kabla, halafu yeye anabaki nyuma. Anakaa kichakani asionekane. Kazi ameifanya yeye, ila gorila asimjue.

Sasa fikirieni zile picha. Zile za majarida makubwa, mwanamke mzungu kakaa na gorila peke yao, ukungu nyuma, kama vile alishuka tu kutoka mbinguni akawakuta. Januari 1978 David Attenborough na watu wa BBC walipanda Karisoke kurekodi kile kipande maarufu, gorila wanamchezea, dunia ikalia kwa furaha. Kwenye picha kuna mzungu na gorila. Watu wa kazi hawamo.

Nimeligeuza hili kichwani mara nyingi na sitaki kumuonea marehemu. Ujangili ulikuwepo, na ulikuwa mbaya, mtaona sasa hivi. Lakini kuna kitu kinaniuma. Kanuni iliangalia rangi, haikuangalia kazi. Mtu ambaye amelinda kundi miaka kumi alihesabiwa upande mmoja na anayetega mitego, kwa sababu ya ngozi. Na ushahidi wa baadaye, nitaufikia, haukumpa sana haki.

Kwanza Digit. Huyu alikuwa dume kijana, kipenzi cha Fossey. Picha yake ilitumika kwenye bango la utalii la Rwanda kuita wageni, kwa hiyo tuseme alikuwa balozi wa chapa kabla hatujaijua hiyo kazi. Tarehe 31 Desemba 1977 majangili na mbwa wao walikutana na kundi lake. Digit akabaki nyuma kupambana ili wenzake wakimbie. Alichomwa mikuki, kichwa na mikono vikakatwa. Waliokuta mwili walikuwa wawili, mwanafunzi Mwingereza na mfuata nyayo Mnyarwanda. Wa kwanza mnaweza kumsoma mahali pengi, amekuwa mtu mkubwa kwenye uhifadhi. Wa pili, jina kapuni.

Julai 1978 wakarudi. Uncle Bert, dume mkuu wa kundi, akapigwa risasi. Macho akapigwa risasi. Kweli, mtoto wake, risasi ikampata na yeye, akaishi miezi kama mitatu, akafa.

Hapo dunia ikaamka, hela za misaada zikaanza kuingia, na hapo hapo serikali ya Rwanda ilikuwa na mpango wa kukata hekta 5,000 za hifadhi ziwe malisho ya ng'ombe. Wamarekani wawili, mume na mke, Bill Weber na Amy Vedder, wakaja na hoja ya mfukoni: msitu huu ukiwa na watalii utaingiza hela kuliko ng'ombe. 1979 mradi ukaanza. Makundi mawili yakazoeshwa watu, wageni wachache, muda mfupi. Fossey alipinga vikali, aliuona utalii kama uchafu.

Na wageni walipoanza kupanda, nani aliwaongoza? Wanyarwanda. Tena mbele, sio kichakani. Ile hofu kwamba gorila akizoea watu weusi atakwisha ikapimwa kwa vitendo. Sensa ya 1981 ilihesabu gorila 254 tu Virunga nzima. Baada ya hapo idadi ikaanza kupanda badala ya kushuka. Mnyama alikuwa na akili ya kutofautisha watu kuliko alivyodhaniwa.

Usiku wa kuamkia 27 Desemba 1985 Fossey aliuawa kwa panga ndani ya nyumba yake kambini. Hii sehemu imeandikwa mpaka basi, filamu, makala, nadharia. Mimi naangalia kona moja. Kati ya waliokamatwa alikuwemo mfuata nyayo wake wa zamani, ambaye alikuwa ameshamfukuza kazi. Akawekwa ndani. Mmarekani mmoja, mtafiti aliyekuwepo kambini, naye alishtakiwa, lakini alikuwa ameshaondoka nchini. Alihukumiwa kifo Desemba 1986 akiwa kwao Marekani, na siku zote amekana. Ni hukumu ambayo wengi waliifuatilia kesi hawaiamini.

Mfuata nyayo hakufika hata kwenye hukumu. Alikufa gerezani. Ikasemwa kajinyonga. Ukitafuta habari za kifo cha Fossey utakuta kurasa na kurasa kuhusu yule Mmarekani, alisoma wapi, aliishije baada ya pale. Kuhusu huyu mwenzetu ni sentensi moja: naye alikufa rumande. Basi. Alikuwa na mama, alikuwa na watu wake.

1988 ikatoka filamu ya Gorillas in the Mist, Sigourney Weaver akawania Oscar. Humo ndani mfuata nyayo hatimaye ana jina na ana maneno ya kusema. Anaitwa Sembagare, na aliyemuigiza ni Mkenya, John Omirah Miluwi, kaucheza vizuri mno, kaitafuteni. Inachekesha kwa uchungu kidogo kwamba mfuata nyayo anayejulikana kuliko wote duniani ni wa kwenye filamu.

Twende Bwindi sasa, maana huko ndiko loji nyingi za msitu wa mvua ziliko na ndiko wengi wenu mtaanzia kwa sababu ya bei. Bwindi ilitangazwa hifadhi ya taifa 1991, na wageni wa kwanza wa gorila wakaingia Aprili 1993, upande wa Buhoma. Tangazo lile la 1991 liliwatoa Batwa, watu waliokuwa wanaishi kwa huo msitu, uwindaji wao, asali yao, dawa zao, mizimu yao. Wengi wao hawakupewa ardhi wala fidia, wakawa maskwota kwenye mashamba ya majirani. Hawa ndo waliokuwa wanajua msitu kuliko mtu yeyote aliye hai.

Leo ukilala Buhoma, siku ambayo hupandi kwa gorila unaweza kulipia ukaonyeshwa maisha ya Batwa. Mzee anakuonyesha mtego, anawasha moto kwa vijiti, wanaimba, wanacheza. Kuna hela inawafikia, na wapo wanaosema wanafurahi watoto wao wanaona mambo ya mababu. Sitaki kuwasemea. Ila Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikubaliana nao kwamba walitolewa bila haki na wanastahili fidia. Miaka 30 baadaye.

Tarehe 1 Machi 1999, alfajiri, Buhoma ilivamiwa na wapiganaji waliovuka kutoka Kongo, mabaki ya wale waliofanya mauaji ya kimbari Rwanda 1994. Waliwateka wageni, wakaua watalii 8, Waingereza, Wamarekani na raia wa New Zealand. Habari ilienda dunia nzima ikiwa ni habari ya watalii 8. Waliouawa walikuwa 9. Wa tisa alikuwa Mganda, mhifadhi wa hapo hapo Buhoma, aliyekuwa anashughulika na vijiji vinavyozunguka msitu. Walianza na yeye. Tangu hapo ukipanda Bwindi unaona askari wenye bunduki mbele na nyuma ya msafara, na wageni wengi hudhani ni kwa ajili ya tembo peke yake.

Upande wa Kongo ndo usiseme. Walinzi wa Virunga waliokufa kazini kwenye historia ya hifadhi wamepita 200. Mei 2018 gari lililobeba watalii wawili Waingereza lilishambuliwa njiani. Watalii walitekwa, wakaachiwa baada ya siku mbili, wakarudi kwao salama, na hifadhi ikafungwa mpaka mwanzoni mwa 2019. Mlinzi aliyekuwa nao alikuwa msichana wa miaka 25. Yeye alipigwa risasi akafa. Umri wangu huo, na wa wengi wenu mnaosoma hapa. Aprili 2020 wakauawa walinzi 12 kwa siku moja karibu na Rumangabo, pale pale Fossey alipozuiliwa.

Na mwaka huo huo wa korona, utalii ukiwa umesimama, loji zimefungwa, wapagazi wanaolipwa kwa siku hawana mgeni wa kumbebea begi, Bwindi wakampoteza Rafiki. Huyu alikuwa dume mkuu wa kundi la Nkuringo, gorila 17 wakimtegemea. Mwanzoni mwa Juni 2020 wafuata nyayo waligundua hayupo, wakamtafuta, siku iliyofuata wakaukuta mwili una jeraha la mkuki. Mtu mmoja kutoka vijijini alikiri, alisema aliingia kuwinda wanyama wadogo na gorila akamvamia. Alifungwa miaka 11. Watalii hawakuwepo na hela haikuwepo, lakini wafuata nyayo walikuwa wanapanda kila siku kama kawaida. Bila hao tungejua lini?

Matokeo ya kazi yao yanahesabika. Mwaka 2018 gorila wa milimani walipita 1,000, na hesabu ya Bwindi ilipokamilika mwaka uliofuata jumla ikasomeka 1,063. Novemba 2018 wakashushwa kutoka daraja la walio hatarini kabisa kutoweka wakawa walio hatarini. Miongoni mwa jamii za nyani wakubwa, huyu ni mfano adimu wa idadi inayopanda. Watu huandika kwamba utalii umewaokoa. Sawa, hela imesaidia, siwezi kubisha na hela. Lakini hela haihesabu viota.

Sasa hivi mambo yamebadilika kidogo. Wafuata nyayo wanavaa sare, wana mshahara, wengine waliwahi kuwa majangili na wameacha, vijana wa vijijini wanapanda vyeo mpaka kuwa waongozaji na madaktari wa wanyama. Ukifika, mpagazi wa kukubebea begi unamlipa kama dola 15 hadi 20. Mbebeshe hata kama begi lako lina chupa ya maji tu, ile milima sio ya kujionyesha.

Mkishafika, mwongozaji atawaambia muache mabegi, msikohoe, mvae barakoa, mkae mbali mita kadhaa. Wafuata nyayo mtawakuta pale wameshika mapanga, wanakata tawi linalozuia kamera, wanatoa ule mlio wa kukoroma kooni ambao gorila wanautambua kama salamu ya amani. Halafu wanarudi nyuma hatua mbili ili wasiingie kwenye picha. Saa ikiisha nyie mnashuka kwenda kula. Wao wanabaki na gorila, kuona leo watalala wapi.